Songoro wa Chesapeake na dola 300 za arubuni: kisa chetu cha kubuku boti

Alhamisi saa mbili usiku simu ya shemeji yangu ikaingia meseji. Kepteni wa boti tuliyobuku kule Virginia, kumvua samaki anayeitwa songoro, kaandika hivi: Jumamosi upepo unatoka kaskazini mashariki, kasi ya noti 15 mpaka 18, kutoka tunaweza kutoka ila kumsaka songoro kwa macho itakuwa kazi kweli kweli, mnaonaje, tukatie nanga tuvue kwa chambo au tusogeze siku? Shemeji alikuwa kazini, kasoma juu juu, kajibu neno moja, tusogeze, akarudisha simu mfukoni. Kesho yake asubuhi likaja jibu kwamba sawa, lakini kwa kuwa mteja ndio kaomba kusogeza na zimebaki chini ya saa 72, arubuni ya dola 300 imekwenda na siku mpya inataka arubuni mpya.

Hapo ndio grupu yetu ya watu watano ikawaka moto. Mmoja anasema tumeibiwa, mwingine anasema tuandike rivyu mbaya, shemeji anajitetea kwamba yeye kajibu tu alichoulizwa. Nikawaomba jamani tulieni nimpigie simu kwanza. Nakiandika kisa chote hapa manake kila msimu naona watu wetu wa huku Marekani, wa Maryland na Virginia, wanaingia kwenye tatizo lile lile, na mara nyingi hakuna mwizi, kuna sentensi moja tu ambayo haikuandikwa popote.

Nianze tulivyoanza. Baba mkwe alikuja kututembelea Juni 2023, mzee wa Kipumbwa kule Pangani, maisha yake yote ni bahari, mshipi na jarife. Wiki ya pili tu tukampeleka soko la samaki pale Washington, la Maine Avenue, akazunguka mabanda yote, kaa, chaza, kamba, akageuka akaniuliza, "Mwanangu, songoro huku hamna?" Nikamtolea picha kwenye simu, Wamarekani wanamwita cobia. Akaishika simu kwa mikono miwili, akatazama kile kichwa bapa, ule mstari mweupe ubavuni na vile vimiba vifupi vya mgongoni. "Songoro huyu. Tena mkubwa." Ni kweli ni huyo huyo, kwenye ukoo wake yuko peke yake hana ndugu mwingine, na anapatikana bahari za joto karibu dunia nzima, Pangani yuko, Virginia yuko. Sokoni ni nadra manake hatembei makundi makubwa ya kukokotwa na wavu, wengi wanavuliwa mmoja mmoja na watu wenye fimbo za kuvulia. Kwa hiyo ukimtaka inabidi umfuate mwenyewe, na kwetu sisi tusio na boti maana yake ni kukodi boti na kepteni wake.

Tukachagua Virginia Beach, boti zinazotokea Lynnhaven, mlangoni kabisa mwa ghuba ya Chesapeake. Songoro wanaingia ghuba ile mwishoni mwa Mei maji yakianza kupata joto, wanazaliana humo humo kiangazi, halafu kukianza kupoa wanarudi kusini. Kuvua kwake kuna njia mbili, na tofauti yake ndio moyo wa kisa hiki. Njia ya zamani ni kutia nanga kwenye fungu, unakatakata menhaden, samaki wa ukoo wa dagaa mwenye mafuta mengi, unaachia harufu iende na mkondo, unateremsha mkunga hai na unangoja. Njia ya pili imeshika sana miaka hii ya karibuni, boti ina mnara juu, kepteni anaendeshea hukohuko mnarani anatafuta kivuli cha kahawia kinachoelea karibu na uso wa maji, akikiona mnasogea polepole mnamrushia chambo mbele ya pua. Hiyo ya pili ndio kila mtu anaitaka, ndio iliyojaa kwenye video, na ndio tuliyolipia sisi. Boti ya mnara, saa nane za maji, dola 1,100, arubuni 300.

Masharti niliyasoma mwenyewe kabla hela haijatumwa. Kepteni akighairi kwa sababu ya hali ya hewa, arubuni inarudi au inahamia siku nyingine. Mteja akighairi ndani ya saa 72, arubuni imekwenda. Nikasema safi, yameeleweka. Sasa ukiyarudia yale maneno kwa makini utaona hayasemi hali ya hewa mbaya ni ipi, na mbaya ya nani.

Manake bahari ina ubaya wa aina mbili. Kuna ubaya wa kuzamisha boti au kuumiza watu, huo kila kepteni anaujua, na mwenye leseni ya Walinzi wa Pwani ya kubeba abiria sita hawezi kuuchezea, ndio mkate wake ule. Halafu kuna ubaya wa kuficha samaki. Njia ya mnara inataka jua kali na maji yaliyotulia, ndio maana safari hizi hazitoki alfajiri kama tulivyozoea, zinatoka saa mbili au saa tatu asubuhi ili jua lipande lipenye majini. Likifunika wingu, au upepo ukipiga kaskazini mashariki mlangoni mwa ghuba, maji yanakunjika viwimbi vifupi vifupi, yanachafuka, songoro anaweza kupita mita kumi kutoka ulipo usimwone. Boti iko salama kabisa, abiria wako salama, ila mlicholipia hakipo. Noti 15 mpaka 18 siku ile zilikuwa hapo hapo katikati, si za kumfanya kepteni aghairi, na si za kumwona songoro pia.

Kwa hiyo meseji ya Alhamisi ilibeba mambo mawili mgongoni, na kila upande ukachukua lake. Kepteni alidhani anampa mteja chaguo kwa heshima: boti ipo, mimi nipo, amueni. Shemeji alidhani anaambiwa kwa upole kwamba Jumamosi haifai, manake kwa malezi yetu mtu mzima wa kazi akikwambia itakuwa kazi kweli kweli basi kakwambia usiende, hangoji umlazimishe alitamke. Hapo sioni wa kumlaumu kwa nia. Lawama naiweka kwenye vitendo viwili. Kepteni aliuliza swali bila kusema jibu lina gharama, angeongeza tu kwamba mkisogeza nyinyi arubuni inapotea, shemeji angesimama akafikiri. Na shemeji alijibu kwa niaba ya watu watano bila kuuliza hata mmoja, akiwa kazini, kwa neno moja. Hilo nilimwambia mwenyewe uso kwa uso akalikubali, na mimi nalikubali langu, nilisoma masharti nikaona yanatosha wakati sijauliza kitu.

Ijumaa mchana nikampigia kepteni. Sikuanza na hela. Nilimsalimia, nikamwambia ninaye mzee wa miaka sabini na kitu mvuvi wa Bahari ya Hindi anataka kumwona songoro wa huku, halafu nikamuuliza swali moja tu: kesho ungekuwa huna mteja, boti ni yako na siku ni yako, ungetoka kwenda kumtafuta songoro kwa macho? Akakaa kimya kidogo. Akasema hapana, asingetoka. Nikamwambia basi bwana, sisi tulilipia kumtafuta kwa macho, na wewe mwenyewe hungeenda, hiyo si ndio kughairi kwa hali ya hewa? Akacheka kidogo, akaomba aisome tena meseji yake. Dakika kumi baadaye akanirudia, dola 300 zote zinahamia siku mpya.

Ila akaniomba nisikie na lake, na nilivyolisikia nikamwelewa kabisa. Virginia mwaka ule msimu wa songoro ulikuwa 15 Juni mpaka 15 Septemba. Hesabu Jumamosi za humo, ni 13 tu. Toa za mvua za radi, toa za upepo, anayeishi kwa songoro anabaki na wikiendi chache za kulishia watoto mwaka mzima, na mteja akijitoa Alhamisi usiku ile Jumamosi haina mtu wa kuinunua tena. Ndio maana ya zile saa 72. Wengi wetu tunadhani arubuni ni tamaa ya kepteni, mimi nilidhani hivyo hivyo mpaka nilipozihesabu hizo Jumamosi.

Na huo msimu mfupi una historia yake. Songoro wa Atlantiki walivuliwa sana mwaka 2015 kupita kiwango kilichowekwa, mwaka uliofuata serikali kuu ikafunga uvuvi wa burudani kwenye maji yake tarehe 20 Juni 2016, katikati ya msimu, watu wameshabuku wameshalipa. Tangu 2019 usimamizi upo mikononi mwa tume ya majimbo ya Atlantiki, na mwaka ule wetu kila jimbo lilikuwa linatunga kanuni zake ndani ya kiwango lilichopewa. Maana yake kwa mteja ni kwamba ya Virginia si ya North Carolina, na ya mwaka jana si lazima yawe ya mwaka huu, usibuku kwa kumbukumbu.

Siku mpya tuliyopata ni Jumanne, 8 Agosti. Wikiendi hakuna iliyobaki ya kutufaa. Mwenzetu mmoja akakosa ruhusa kazini akabaki, kwa hiyo ile 1,100 iliyokuwa dola 220 kwa kichwa ikawa 275, na hoteli ya ile Ijumaa ilishakatwa hairudi. Hoteli tuligawana watano, pamoja na yule aliyebaki, na mpaka leo naona hapo hatukumtendea haki, alipaswa kuondolewa kabisa kwenye hesabu ile.

Jumanne yenyewe ilikuwa siku ya kuagizwa. Upepo mwembamba wa kusini magharibi, bahari shwari, jua kali. Tukatoka saa mbili na nusu, tukapita sambamba na lile daraja la Chesapeake linaloingia chini ya maji kuwa handaki kisha linaibuka tena, kilomita kama 28, limefunguliwa 1964, baba mkwe akawa anahesabu nguzo. Kepteni yuko juu mnarani, msaidizi wake yuko chini na ndoo ya mikunga. Tukapita boya moja, la pili, la tatu, hamna kitu, saa nzima hivi.

Kisha mzee akaninyooshea kidole kwa mbali. "Mwambie kepteni, taa wale." Mimi sikuona kitu mpaka niliponyanyuka, kumbe ni ncha za mabawa ya samaki taa zinachungulia juu ya maji, kundi zima linatembea polepole, maji yamegeuka rangi ya hudhurungi. Nikatafsiri kwa sauti kuelekea juu. Kepteni akageuza boti, na baba mkwe hakungoja kuulizwa. "Songoro anamfuata taa. Taa anachimbua mchanga, kaa wanatoka, yeye anakula nyuma. Kwetu ni hivyo hivyo." Nilipomtafsiria kepteni hayo, akamtazama mzee kwa muda, akasema kwamba wateja wake wengi huwa anawafundisha hilo siku nzima.

Nyuma ya taa wale kulikuwa na vivuli viwili. Ukimwona songoro mara ya kwanza utadhani papa mdogo, au chazo aliyekua kupita kiasi, mweusi wa kahawia, bapa kichwani, hana haraka. Shemeji akarusha mkunga mbele yao, mmoja akageuka, akaufuata kama anaunusa, akafungua mdomo. Fimbo ikapinda mpaka ikagusa ukingo wa boti. Kule Virginia kutumia kulabu kwa songoro ni marufuku, anaingizwa kwa wavu wa mkono, tena hawamwingizi mbichi, wanamwacha apigane achoke kwanza manake songoro mwenye nguvu akiingia botini anavunja vitu na miguu ya watu. Dakika kama ishirini. Wakamlaza kwenye ubao wa kupimia: inchi 37. Kipimo cha chini mwaka ule kilikuwa 40. Akarudi majini.

Baba mkwe aliumia waziwazi. "Huyu anarudi? Kilo nane hizo." Nikamweleza sheria, akanyamaza, akamfuata kwa macho mpaka alipopotea. Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwao songoro wa namna ile zamani walikuwa wengi, na siku hizi mtu akimpata mtaa mzima unajua.

Mpaka saa saba mchana tulikuwa na wawili wa kupeleka nyumbani, mmoja inchi 44 aliyevutwa na rafiki yetu, na mmoja inchi 51 aliyevutwa na mzee mwenyewe, kakataa kusaidiwa, kashika fimbo kama mtu anayevuta kamba ya ngalawa, hatua mbele hatua nyuma. Na hapo uvuvi wa kubeba ukaisha. Kanuni ya mwaka ule ilikuwa samaki mmoja kwa mtu lakini wawili tu kwa boti, na anayezidi inchi 50 ni mmoja tu. Sisi tulikuwa wanne. Rafiki yetu alikuwa ameahidi watu watatu songoro, yeye aliposikia mmoja kwa mtu alipiga hesabu ya samaki wanne watano, lile neno la boti halikumwingia. Hapa kepteni simlaumu hata kidogo, alishaniambia kwenye simu, ni mimi sikulirudia kwenye grupu kwa uzito wake. Saa zilizobaki tukavua nguru wadogo, wa aina wanayoiita wa Kihispania, tukafurahi vilevile.

Gatini ndio likatokea jambo ambalo hakuna masharti yoyote yanalitaja. Msaidizi anasafisha samaki kwa kisu kirefu, mnofu unatoka mweupe mzito umenyooka, kazi safi. Akapasua tumbo la yule mkubwa, ndani mna kaa watatu wa buluu hata hawajasagika, mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa neno lake. Halafu msaidizi akakamata kichwa ili akitupe majini. Baba mkwe akamshika mkono wa kisu taratibu, akasema kwa Kiswahili, "Baba, hicho nipe mimi." Yule kijana haelewi neno lakini kaelewa, akaviosha vichwa vyote viwili, akavitia kwenye barafu, akaongeza na mifupa ya mgongo. Sisi tungekaa kimya vingeenda. Kama unataka kichwa, mfupa na mayai, sema asubuhi kabla ya kutoka, usingoje kisu kianze.

Bakshishi nayo hatukuipangia bajeti. Kule ni kawaida kumpa msaidizi asilimia 15 mpaka 20 ya bei, wengi wao ndio mshahara wao wenyewe, tukatoa 220, ikawa dola 55 kila mtu juu ya zile 275, na mwenzetu mmoja akawa hana keshi, nikamtolea.

Sasa ile hoja ya nani alikuwa na haki juu ya zile 300. Kwa maandishi, kepteni. Angezishika, hakuna pa kumshitaki, mteja kasema tusogeze na zimebaki chini ya saa 72. Kwa kilichouzwa, sisi, manake tuliuziwa kumtafuta samaki kwa macho siku ambayo muuzaji mwenyewe asingetoka. Mimi naegemea la pili na nitalisimamia, lakini bila hasira, kwa sababu yule bwana alipoulizwa vizuri alijibu ukweli ambao ulikuwa unamgharimu Jumamosi ya Julai. Wenzangu walitaka tumwandikie rivyu mbaya Ijumaa ile asubuhi. Tungeandika, tungekuwa na hasira yetu na bila songoro.

Mwaka uliofuata kabla ya kutuma hata senti nilituma meseji moja tu kwa makepteni wawili, naiweka hapa kama ilivyokuwa ila kwa Kiswahili: "Tuko wanne, tunataka kumvua songoro kwa macho kutoka mnarani. Upepo au wingu la kiasi gani wewe mwenyewe huwa hutoki kwa njia hiyo, na siku kama hiyo arubuni yetu inahamia bila kukatwa? Nani anatamka neno la mwisho, na mpaka saa ngapi? Boti inaruhusiwa samaki wangapi msimu huu? Na tunaomba vichwa vyetu."

Mmoja alijibu kwamba tusome masharti yake. Wa pili alijibu usiku ule ule: zikizidi noti 12 upande wa mashariki nakupigia mwenyewe jioni ya kabla yake na hela inahamia, boti ni wawili, vichwa ni vyenu. Huyo ndiye tuliyemtumia arubuni.